Baiskeli Isiyofika Popote

Miaka thelathini na minane nilipiga cherehani ya miguu pale barazani, na magoti yangu hayakuwahi kulalamika. Siku moja kifungua mimba wangu akaja na maneno matamu: "Mama, umefanya kazi vya kutosha. Sasa pumzika." Kabla sijafungua mdomo, cherehani ilishapelekwa kwa mtu.

Haya, nikapumzika. Mwaka haukuisha, magoti yakakakamaa kama bawaba iliyoshika kutu, na daktari akasema nimekosa mazoezi. Mazoezi! Mwanangu akaniletea baiskeli ya kukanyagia sebuleni, inayohesabu dakika lakini haina pa kwenda. Kila asubuhi nakanyaga nusu saa nikitazama ukuta. Zamani nikikanyaga, gauni linatoka. Sasa linatoka jasho tu.

Jana alinikuta juu yake, nahema. Akafurahi. "Mama, bado uko ngangari!" Kisha akatoa suruali mpya kwenye mfuko. "Hii ni ndefu. Humjui fundi mzuri wa kuipunguza?"

"Nilikuwa namjua," nikamwambia, miguu ikiendelea kuzunguka. "Wewe ndiye uliyemwachisha kazi."