Zaburi Niliyosoma Barabarani

Katanga ilipojitenga na Kongo, mimi na mama tulikuwa tukirudi Lubumbashi kutoka Kasenga, juu ya lori la samaki wakavu. Sisi ni Waluba wa Kasai, jimbo jirani, na siku hizo watu wetu walikuwa wakisakwa. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alichomoa Biblia kutoka kwenye kikapu cha mama.

“Hii iko luga gani?”

“Kiswahili,” nilidanganya.

“Basi soma.”

Ukurasa ulikuwa wa lugha yetu. Niliutazama nikatamka kwa kukariri Zaburi ya mchungaji kwa Kiswahili. Mama alifumba macho. Askari aliinama akafuata mistari kwa kidole, nikatambua kwamba anajua kusoma, na ameona maneno si ya Kiswahili. Nikakatiza mstari katikati.

“Endelea,” alisema polepole.

Nilipomaliza, alimrudishia mama Biblia yake.

“Mama, ufiche hii kitabu. Bale benye kuwa kule mbele habataki kusikia sala,” alisema, akimaanisha askari wa kizuizi kilichofuata.

Tulifika mjini salama. Miaka mingi baadaye nilisoma historia ya falme zetu, jinsi mwindaji wa Kiluba alivyomwoa malkia wa Walunda, kabila la yule aliyeitenga Katanga. Yule askari sikujua ni wa kabila gani. Mpaka alipofariki, mama alimwombea askari huyo.