Dhoruba Isiyo na Mvua

Wiki ile watahini waliponirudishia tasnifu yangu ya Jua wakisema haieleweki, nilimweleza mama kwa simu kwamba vyombo viwili vya angani vinalitazama Jua kutoka pande mbili, ili tuone kina cha nyuga zake za sumaku, na kwamba dhoruba ya Jua ilikuwa njiani.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kibandani pake Kisumu Ndogo ameifunika omena yote, dagaa wake wakavu wa kuuza, kwa turubai, ilhali hakukuwa na wingu hata moja.

“Mama, dhoruba hii haina mvua.”

“Dhoruba gani haina mvua, daktari?” Alicheka mpaka akakaa. “Usiwalaumu hao walimu wako. Hata mimi sikuelewa.”

Tulipokuwa tukiifunua omena nilimweleza upya, polepole, naye akanikatiza kila nilipozidisha maneno. Sura ya kwanza ya tasnifu niliiandika upya hivyo hivyo.