Nélida na Jaribio Lililokubali Kila Kitu

Saa nne na robo asubuhi, Nélida Etcheverry anafuta kwa makusudi mistari kumi na tisa ya msimbo wa kompyuta ambayo mwenzake ameihangaikia wiki nzima.

Anaifuta kwenye nakala yake tu. Anabonyeza kitufe, anamimina maji ya moto kwenye kibuyu chake cha yerba, chai ya majani machungu, na kufyonza polepole, macho hayabanduki kwenye skrini. Anasubiri rangi nyekundu, ishara ya kosa. Inatokea kijani.

"Hapana," anasema kwa sauti ya chini. "Hapana, hapana."

Ofisi yao ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, hapa mjini Paysandú. Watu sita wanatunza Ombú, programu inayohifadhi kila toleo la kazi inayoandikwa na watu wengi kwa pamoja, ili mtu asifute kazi ya mwenzake. Nélida, mwenye miaka hamsini na mbili, hukagua majaribio, yaani msimbo mfupi unaothibitisha kwamba msimbo mwingine unafanya kazi. Bila idhini yake hakitoki kitu.

Toleo jipya linatakiwa saa sita mchana leo. Wiki tatu zilizopita, wahandisi wa maji wa mji mmoja wa kaskazini waliunganisha kazi zao. Mmoja alikuwa amebadilisha jina la folda. Mwingine alikuwa amerekebisha vipimo vya klorini ya kusafisha maji ndani ya folda hiyohiyo. Ombú ikasema kila kitu kiko salama. Vipimo vipya vikapotea kimyakimya.

Fundi mmoja aligundua saa mbili kabla ya pampu kuwashwa. Tangu siku hiyo wanaandika vipimo kwenye daftari na kupiga simu.

Marekebisho ameyaandika Wilmar Bentancor, miaka ishirini na tisa. Jaribio lake pia ameliandika yeye.

"Wilmar, hebu njoo."

"Usiniambie, mama."

"Nimeyatoa marekebisho yako yote. Jaribio bado linaniambia mambo safi."

Wilmar anainama, anasoma, masikio yanamwiva. Jaribio linalifungua faili baada ya kazi kuunganishwa, kisha linalilinganisha na faili hilohilo. Litakubali kila kitu, hata uozo.

Mkuu wao, Mabel Silveira, anatokea mlangoni na simu mkononi. "Kwani marekebisho yanafanya kazi au hayafanyi?"

"Sijui. Na yeye hajui."

"Wananipigia kila nusu saa, Nélida. Niwaambie nini, kwamba unasoma?"

"Waambie hivyo hivyo."

Kusoma ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini na mitatu, akisahihisha makosa katika gazeti la mjini. Anakumbuka tangazo moja la msiba ambalo jina la marehemu lilibadilishana na la ndugu yake. "Nilimzika mtu aliye hai," anasema. "Alikuja ofisini, akakaa mbele yangu, akaweka kitambulisho mezani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Gazeti lilipofungwa, aliuza maandazi ya torta frita siku za mvua na kujifunza kompyuta jioni katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Aliomba kazi mahali thelathini na moja. Alijibiwa na Ombú peke yao.

Saa tano na dakika ishirini, Wilmar amemaliza kuandika jaribio upya. Wanalipima bila marekebisho: nyekundu, kama inavyotakiwa. Wanayarudisha marekebisho: kijani. Wilmar anarusha mikono juu. "Haya, idhinisha basi, tukale!"

Nélida hagusi kitufe.

"Folda ya wale wahandisi iliitwaje?"

"Sikumbuki. Mimi nimeziita 'a' na 'b'."

"Itafute."

"Che, Nélida, jina lina uhusiano gani na..."

"Itafute, mwanangu."

Iliitwa *cañerías*, mabomba. Wanaliweka jina hilo kwenye jaribio. Skrini inakuwa nyekundu.

Ile ñ, kompyuta inaweza kuihifadhi kwa namna mbili: kama herufi moja, au kama n na alama yake ya juu kando. Jicho la mtu linaona herufi moja. Ombú iliona folda mbili tofauti, ikaitupa mojawapo. Marekebisho ya Wilmar yangewafikia wahandisi saa sita, nao wangefunga daftari lao na kuyaamini.

Mabel anaketi. Kisha anapiga simu mwenyewe. "Siyo leo," anasema, na kuisogeza simu mbali kidogo na sikio.

Wilmar aliondoka bila kuaga. Asubuhi iliyofuata alikuja na mfuko wa bizcochos, vitafunio vya kuoka, akauweka mezani kwa Nélida na kuvuta kiti. Walifanya kazi bega kwa bega siku mbili. Toleo lilitoka Alhamisi saa tisa alasiri. Jumatatu wahandisi waliunganisha kazi zao, na kila kipimo kikabaki mahali pake.

"Nilimchukia siku nzima," Wilmar anakiri. "Usiku nikawaza maji ya watu."

Nélida sasa anataka zaidi ya kukagua. Mwezi huu ameandika kwa mara ya kwanza msimbo wake mwenyewe ndani ya Ombú, mistari arobaini, na amemwomba Wilmar aukague. Umerudi na maswali kumi na moja.

"Tisa ni ya haki," anasema, akisogeza kiti karibu na skrini. "Hayo mawili yaliyobaki, atanieleza vizuri."