Pekupeku kwenye Kasri la Ufaransa

Nilipoolewa, mume wangu hakuwepo. Mwenzangu usishtuke, ndoa ilikuwa halali kabisa. Mdogo wake ndiye aliyeshika mkono wa baba yangu kule Tanga na kumjibia kuwa amekubali, na yeye mwenyewe wakati huo alikuwa Guangzhou, China, kakalia robota la suruali za watoto, anasikiliza kwenye simu. Matokeo yake ni kwamba picha ya harusi iliyotundikwa sebuleni kwa mama ilikuwa ya mimi na shemeji. Kila mgeni aliyeingia alimpongeza mama kwa kupata mkwe kijana. Mwanzoni alikuwa akieleza, baadaye akachoka, akawa anashukuru tu na kuleta chai.

Nilimfuata mume wangu Guangzhou baada ya miezi kadhaa, na tiketi yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi. Wiki chache zilinitosha kujua nimeolewa na mtu wa namna gani. Si mlevi, si mkali, wanawake wengine hawatazami. Ana ugonjwa wa bei. Hawezi kuona kitu akakiacha bila kukigeuza aone kimetengenezwa wapi. Siku aliyonipokea uwanja wa ndege, mara ya kwanza ananiona kama mke wake, alinisalimia vizuri, akachukua sanduku langu, akalipindua magurudumu juu, akaniuliza nimelinunua duka gani. Meno yaliponiuma tukaenda hospitali, nimefungua kinywa mbele ya daktari, mume wangu anagongagonga kiti nilichokalia kwa kidole anauliza kiwanda kiko wapi.

Kutwa tulizunguka maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu, yeye mbele anabishana na kila laoban, maana wenye maduka wote huitwa hivyo, mie nyuma na mfuko wa sampuli. Jioni ni ujumbe wa sauti wa wateja wa Kariakoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka chakula kinapoa. Nikaanza kujiuliza kama nimeolewa au nimeajiriwa. Na kama nimeajiriwa, basi kazi yenyewe haina hata likizo.

Na huyu huyu ndiye aliyeniposa kwa Ufaransa. Enzi za uchumba wa kwenye simu alikuwa akinitumia picha za makasri ya mashambani huko, nyumba za watawa za mawe, mito imetulia na miti imeinamia maji, akiniahidi fungate letu litakuwa pale. Nilipomkumbusha, akaniambia viza ya huko ni ngumu, halafu kuna kontena linamsubiri. Nikamjibu, sawa. Mwanamke wa Tanga akikwambia sawa kwa sauti ile, mtu mwenye akili zake hukaa chini afikiri.

Akafikiri. Akaenda kwa jirani yetu, mama wa Kikongo anayenunua wigi, ambaye amewahi kuishi kwa dada yake kijijini Ufaransa. Yule mama ndiye aliyetupa habari kwamba nje ya jiji kuna mahali pamejengwa kijiji kizima cha Kifaransa kwa ajili ya maharusi kupigia picha. Kuna kasri, kuna nyumba ya watawa, kuna mto na daraja lake. Nikamuuliza kama kinafanana na cha kweli. Akafikiri kidogo, akasema cha kweli kina matope na mavi ya ng'ombe, na ukifika mchana maduka yote yamefungwa, wenyewe wamekwenda kula.

Nilikubali kwenda, ila kwa sharti, na sharti nililitoa asubuhi ile ile tukinywa chai.

"Leo nataka kuwa mke," nilimwambia. "Ukiuliza bei ya kitu chochote, hata kijiti cha meno, tiketi yangu ninayo. Mwisho wa mwezi narudi kwa mama."

Akanitazama kuona kama ninatania. Sikuwa natania. Nilikuwa nimeshaangalia mpaka sanduku litakavyofungwa. Akanikabidhi simu bila kuambiwa, nikaitia mkobani, na humo ikatetemeka siku nzima kama kuku aliyefungwa miguu.

Jamani, kwa mbali lile kasri lilikuwa zuri. Minara imechongoka, madirisha membamba, majani yamepanda ukutani. Ukisogea, majani ni ya plastiki na mawe ni ya faiba. Ukizunguka nyuma, kasri halina nyuma, kuna mabomba na mashine za viyoyozi, na bwana harusi mmoja kachuchumaa anakula tambi huku tai kaitupa begani isiingie mchuzi. Mbele tulikuwa maharusi foleni nzima, kila mmoja anapewa nafasi yake ya kuwa malkia, mpiga picha anapiga kelele, mnaondoka, wanapanda wengine.

Nilivalishwa shela na mama wa mavazi wa pale, la mikono mirefu, na ndani nikafunga shungi langu mwenyewe. Hina nilijichora nyumbani. Kabla ya kuolewa nilikuwa nikikodisha mashela Tanga, kwa hiyo niliona mara moja kwamba lile lilishonwa na mtu anayejua kazi, shanga zimekaa, zipu haikwami. Niliona, nikanyamaza. Leo si siku yake.

Mume wangu alipofika kwenye ukuta wa kasri, nikaona kidole kinainuka. Nilijua anawaza nini, maana hata mie nisiyetaka niliwaza, zile kumbi za harusi za Dar na ukuta kama ule nyuma ya jukwaa. Kidole kikasimama hewani. Akanitazama, akatia mikono yote miwili mifukoni, na haikutoka humo mpaka tulipoondoka pale. Picha zote za kasri anaonekana kama mtu anayesikia baridi.

Kasheshe ilikuwa nyumba ya watawa. Haina mtawa hata mmoja, ndani mna mabenchi, mishumaa ya umeme na maua ya kitambaa. Lakini mume wangu ni mtu wa msikitini, na mguu wake umezoea kwamba nyumba ya ibada haiingiwi na kiatu. Akavua mlangoni, akavipanga vizuri vile viatu vyake vyeusi vipya, akaingia na soksi. Nilimwambia humu hakuna anayesali, akanijibu kwamba hata hivyo si adabu. Tukapigwa picha, tukatoka. Viatu hakuna.

Kumbe mama wa mavazi alipita, akaona viatu vyeusi vimeachwa mlangoni, akadhani ni vyake vya kukodisha, akavirudisha rafuni. Na kabla hatujamfikia, bwana harusi mwingine alikuwa ameshavivaa, tunamwona darajani anamnyanyua mkewe. Mume wangu akaeleza kwa Kichina chake. Yule mama akatikisa kichwa. Viatu vya rafuni ni vya pale, alisema, ila kama bwana hana viatu anaweza kukodi pea nyingine. Akaishika ile pea mkononi, akatulia, anasubiri kuulizwa bei.

Wote tulisubiri. Ningeweza kumwambia uliza tu, hii haihesabiki. Sikumwambia, na nilifanya kusudi, nilitaka kuona. Mtu huyu namjua, anaweza kubishana kwa ajili ya kifungo cha shati mpaka laoban atake kulia. Hapa kaibiwa viatu vyake na anaambiwa akodi, na mdomo ulishafunguka. Akaniangalia mie, akaangalia vile viatu, akaufunga.

"Twende mtoni," akasema. Akavua na soksi, akakunja suruali ya suti, akatangulia kwenye kokoto pekupeku, anaruka huku na huku.

Mto angalau ulikuwa na maji ya kweli. Ulikuwa pia na ndege mmoja mweupe wa shingo ndefu, jamii ya bata, na huyo naye alikuwa wa kweli. Tulipokaa kwenye nyasi, akatoka majini akaja moja kwa moja kudonoa vidole vya mume wangu. Mpiga picha anasema msitikisike. Mume wangu hakutikisika. Mie nilicheka mpaka shungi likanitoka, na ndiyo picha iliyotoka vizuri kuliko zote.

Tukarudi kubadilisha nguo. Mume wangu alikaa nje ya pazia na miguu yake mitupu, mie ndani navuliwa shela. Yule mama akaligeuza ndani nje ili alitundike kwenye henga, na hapo nikauona upindo. Mwenzangu, mshono ule. Nikaushika. Nikauvuta, haukulegea. Nikawaona maharusi wa Tanga wamepanga foleni mlangoni kwangu, na kabla sijajua nini kinatokea nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema kwa Kichina, duoshao qian, bei gani. Kikokotoo kikatokea, sijui yule mama alikuwa amekificha wapi, akaanza kubonyeza.

Pazia likasogea. Nilijua nimekwisha. Angecheka, angenitajia tiketi, na angekuwa na haki, maana yeye alikuwa amechubuka nyayo na mie nimeshindwa na upindo. Akanyoosha mkono, akakilaza kile kikokotoo kifudifudi juu ya meza, taratibu. Kisha akazungumza na yule mama, na Kichina chenyewe kilikuwa chepesi, nikakielewa chote.

"Leo hanunui," alisema. "Leo ni bibi harusi."

Nililia pale pale. Sikujificha, nililia nikiwa na kanga na soksi moja, na yule mama akanipa tishu akidhani tumegombana. Viatu tulivikuta rafuni wakati wa kuondoka, mume wangu akavivaa harakaharaka kama mwizi. Asubuhi iliyofuata nilimpigia mama wa mavazi nikauliza kiwanda, maana fungate lilikuwa limekwisha. Tiketi niliiacha ipite tarehe yake.

Ile picha ya mtoni nilimtumia mama. Akapiga simu, sauti imejaa wasiwasi.

"Mwanangu, mkwe wangu mbona hana viatu? Hali yenu ndiyo mbaya hivyo?"

Nikamweleza yote tangu mwanzo, sharti, tiketi, viatu, yule ndege wa mtoni. Nikamwambia angeweza kuvipata viatu, ila ilibidi aulize bei. Mama anamjua mkwewe kwa habari zangu, alishasikia mpaka ya kiti cha daktari. Kisha nikamsikia anaita mtu amletee kigoda, anataka kuitoa ile picha yangu na shemeji ukutani.