Mlango wa Chumba cha Eksirei

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Homa Bay, mkuu wa kitengo cha eksirei, Mzee Oloo, hakuanza na mashine. Alinionyesha mikono yake. Ngozi ilikuwa imekauka, kucha zimepasuka.

"Nimeshika watoto wengi watulie wakipigwa picha, na aproni hatukuwa nayo," akaniambia. "Mionzi haiumi ikiingia, nyathina, mwanangu. Ndiyo maana watu huidharau."

Kisha akanivisha aproni ya risasi, yale madini mazito yanayozuia mionzi, akanibandika kifuani kibeji cha kupimia kiasi kitakachonifikia. Kanuni alizifupisha: piga picha inayohitajika tu, simama mbali, jikinge. Nilimwamini kwa sababu ya ile mikono.

Katikati ya miaka ya tisini nikahamishiwa Migori kusimamia chumba peke yangu. Mlango wake ulikuwa wa mbao tupu, na papo hapo nje wajawazito walisubiri kliniki. Niliomba wahamishwe, hakukuwa na nafasi kwingine. Mwishowe akaja mkaguzi wa mionzi kutoka Nairobi. Akapima, akaagiza chumba kifungwe mpaka mlango utiwe bamba la risasi.

Mimi nilifurahi. Daktari mkuu aliwaka.

"Na wagonjwa wangu wa machimbo ya Masara?"

"Waende Kisii, daktari," mkaguzi akamjibu.

"Wewe unajua Kisii ni mbali namna gani kwa mtu anayetafuta pumzi?"

Bamba likaagizwa, miezi ikapita. Ndipo akaja Achieng', mama aliyekuwa akiponda mawe ya dhahabu Masara. Kikohozi kilikuwa kimemkondesha. Makohozi yake yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana, kwa hivyo daktari akataka picha ya kifua. Mama huyo akanikuta nje ya chumba changu.

"Madam, si mashine iko hapo ndani?"

"Iko, mama."

"Imeharibika?"

"Hapana. Ni nzima."

"Basi nifungulie."

Nikamweleza habari ya mlango na wale wajawazito. Alisikiliza kwa adabu, akawatazama, akakaza leso yake kiunoni. Akasema ataenda Kisii akimaliza palizi.

Hakwenda. Aliporudi kwetu alikuwa amebebwa na mumewe, na hakutoka wodini akiwa hai.

Bamba lilipofika, mafundi wawili walilifunga asubuhi moja. Chai ya saa nne iliwakuta wamemaliza.

Sasa nimestaafu, nalima Ndhiwa. Vijana wa kazi hii hunitembelea na kuniuliza kama kanuni zile hazikuturudisha nyuma. Nawaambia mkaguzi alikuwa na haki, na daktari pia alikuwa na haki. Kosa ni kwamba kufuli lililetwa siku ile ile, bamba likaachwa lije baadaye. Nchi haiendelei kwa mashine inayodhuru watu, wala haiendelei kwa mashine nzima iliyofungiwa.

Wakiuliza kama leo ningemfungulia Achieng', nawaambia bado sijui.