Sauti Iliyojulikana Kolwezi

Ngalula alizaliwa Kolwezi, na mama yake vilevile. Babu ndiye aliyetoka Kasai kuja kuchimba shaba. Mwaka 1992 Ngalula alikuwa mwimbaji wa bendi changa. Mjomba wake Badibanga alipiga madimba, zile mbao zinazogongwa juu ya vibuyu, na rafiki yao Mukalay, Mkatanga, mwenyeji wa mkoa ule, alipiga kinanda cha umeme. Nyimbo za wazee juu ya midundo ya mashine! Watu walicheka kwanza, kisha wakacheza. Redio ikawa inaupiga wimbo wao kila asubuhi.

Kisha redio ileile ikaanza kusema Wakasai ni wageni, warudi kwao. Mgodi ulikuwa umeporomoka, mishahara haionekani, na hasira ikapata wa kumwangukia. Badibanga alivunjwa mkono sokoni, akakimbilia stesheni, Wakasai walikokuwa wakingoja treni ya kwao. Nyumba za majirani zilipoanza kuwaka, Mukalay alikuja kumchukua Ngalula.

"Usifungue kinywa," alimwambia, akimfunga kitambaa tayani kama mgonjwa wa jino. "Sauti yako batu bote banaijua."

Karibu na stesheni, vijana wenye mapanga walikuwa wamefunga barabara.

"Ule ni nani?"

"Bibi yangu," Mukalay alijibu, akijifanya mumewe. "Jino inamusumbua."

"Aseme jina yake."

"Hawezi, ndugu. Mudomo imevimba."

Kijana akamsogelea Ngalula, na huku anamkagua, akawa anavumisha wimbo puani. Ulikuwa wimbo wake Ngalula. Aliujua mstari unaofuata, akaogopa midomo yake mwenyewe. Ncha ya panga ikainua kitambaa. Akagumia, akaacha mate yamtiririke kidevuni.

"Pita na uchafu yako!" kijana alisema, akirudi nyuma.

Stesheni watu walikuwa wamelala hadi kwenye reli, watoto wakiharisha. Mukalay aliahidi kurudi na chakula. Hakurudi.

Majuma yakapita kabla ya behewa kupatikana. Njiani kichanga kililia bila kunyamaza, na Badibanga akasema, "Muimbie, mwanangu." Ngalula alifungua kinywa, pumzi tu ikatoka.

Aliishia Mwene-Ditu, huko Kasai, akiuza mawese. Baadaye mama Agnès, mzazi wa Mukalay, alimtumia salamu kwa dereva wa lori: Mukalay yu hai, nyumba yake ilichomwa kwa sababu alimficha Mkasai, amehamia Dilolo. Ngalula alilia kwa shukrani. Siku hizi huimba kanisani, katikati ya kwaya, kwa sauti ya chini, na mtu akigeuka kumtazama hunyamaza.