Sikio la Upande wa Pili

Ngwe, ngwe, ngwe. Mpaka leo nikitulia nausikia mlio wa ile rimu ya lori iliyoning'inizwa iwe kengele kwenye mti wa shule ya msingi, kule kwetu Kamunyonge, Musoma. Ikigongwa asubuhi, mdogo wangu anaacha uji. Anaacha kabisa, hata kama kijiko kiko njiani kwenda mdomoni, anatafuta kipande chake cha boksi cha kuandikia, anaenda kusimama mlangoni.

"Dada, tumeitwa."

Hatukuwa tumeitwa. Tulikuwa tumekataliwa mara mbili.

Degedege la utotoni lilimwachia mkono wa kulia uliokunjika kwenye kiwiko na kukakamaa, mguu wa kuburuza, na maneno yanayotoka moja moja kama mtu anachambua mchele. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikabaki nyumbani kumsaidia mama kuanika dagaa. Baba alikuwa Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, tunamwona mwisho wa mwezi. Ndoto zangu wakati huo zilikuwa nyingi kuliko nguo zangu, na moja ilikuwa ualimu. Chuo hakikuniona, basi nikaanza na mwanafunzi niliyekuwa naye.

Chaki hazikuwepo hata huko shuleni kwenyewe. Miaka hiyo sabuni tulikuwa tunaipangia foleni, na daftari ukilipata unaliandika mpaka jalada. Sisi tuliandika kwa mkaa kwenye mlango wa nyuma. Kuhesabu tulitumia dagaa palepale tunapoanika, kumi huku, tano kule, na kuku akipita tunajifunza kutoa. Mama mmoja jirani alikuwa akipita na ndoo yake kwenda ziwani ananiita Mwalimu wa Mmoja. Anauliza kama leo darasa limejaa. Namjibu limejaa, mwalimu mwenyewe amekosa pa kukaa. Mwaka wa pili ulipoisha, mdogo wangu alikuwa anasoma. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo akawa anamaliza ubeti wa kwanza wenzake wako wa tatu, lakini anaumaliza.

Kikwazo kilikuwa sikio. Waliosoma zamani wanakumbuka: huandikishwi darasa la kwanza mpaka upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Ukiligusa, umri umefika. Usipoligusa, rudi mwakani. Hicho ndicho kipimo, na mdogo wangu alikuwa anaenda kwenye kipimo hicho na mkono ule.

Basi mimi na akili zangu nikaamua kwamba tatizo ni mkono. Hapa ndipo ninapojikasirikia mpaka leo. Badala ya kusonga mbele na hesabu za kuzidisha, niligeuza darasa zima likawa la sikio. Nilifunga kamba ya nyavu kwenye boriti ya paa, nikatengeneza kitanzi, na kila asubuhi namwingiza mkono, namvuta taratibu, huku nimempaka mafuta ya kupikia ambayo mama aliyapata kwa kuhangaika. Mama akawa anasema nimwache mtoto, mkono huo unaumaga, hata hospitali waliushindwa. Namjibu bado kidogo tu, mama. Vidole vilifika utosini, nikaona ushindi.

Siku moja akalia bila sauti, machozi tu. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akashika sikio la kushoto, akavuta kabisa ili nilione.

"Dada, sikio liko hapa."

Nikamwambia najua liko hapo, ila mwalimu analitaka kwa kuzungukia. Nikavuta tena.

Siku ya kuandikisha ilikuja wakati maduka ya Iringo, pale mjini, yameanza kujaa, madaftari yamepangwa mpaka darini, mitumba imetandazwa chini kila kona. Kila mtu alikuwa anasema sasa ni ruksa, serikali imefungulia biashara. Na mimi nikaamini kila kitu kimelegezwa, hata sikio. Nikamvalisha gauni la mtumba la njano, tukasimama kwenye mstari na watoto wanaomfika mabegani.

Aliyekuwa anaandikisha ni mwalimu aliyenifundisha mimi mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, akamtazama mdogo wangu.

"Haya, sikio."

Mkono ukafika utosini ukagoma. Mtoto mmoja nyuma yetu akasema huyu anajikuna chawa, mstari mzima ukacheka. Nikamwomba mwalimu apime wa kushoto. Akasema utaratibu ni wa kulia. Nikatoa kadi ya kliniki, tarehe ya kuzaliwa hii hapa. Akaigeuza, akasema hiyo ni kadi ya uzito. Nikamwambia mtoto anasoma. Hapo mdogo wangu, bila kutumwa, akainama juu ya meza akaanza kusoma maandishi ya kwenye rejesta. O-ro-dha. Ya. Wa-na-fu-nzi. Watoto wakanyamaza. Mwalimu naye alisubiri, nusu ya dakika nzima, mpaka maneno ya mwisho, Darasa la Kwanza, yakaisha.

"Anasoma, nimesikia," akasema. "Lakini kusoma ni kazi ya darasani, binti. Hapa tunapima umri."

"Ukitoa mwaka wa kwenye kadi, ana miaka tisa, Mwalimu. Kutoa ulinifundisha wewe."

"Mlete mwakani, mkono ukishakua."

Mkono ukishakua! Nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani, nimeng'ata meno. Yule jirani alitukuta njiani akitoka ziwani, akauliza, Mwalimu wa Mmoja, amepita? Nikamwambia amefeli sikio. Akacheka, kisha akaniangalia vizuri akaacha, akatoa sato mmoja kwenye ndoo akampa mdogo wangu. Mtoto yeye alikuwa na furaha zake. Alikuwa amesoma mbele ya watu, na watu walinyamaza. Alimwambia mama habari hiyo mara nne, polepole, na mama akamsikiliza zote nne.

Kesho yake rimu ikalia. Akaacha uji kama kawaida. Lakini safari hii hakwenda mlangoni. Alikwenda chini ya boriti, akafumba macho, akaninyooshea mkono wa kulia, anasubiri kitanzi.

Nikamwambia akamsaidie mama kugeuza dagaa, leo tutaanza na kuzidisha.

Alipotoka nilisogeza kinu, nikapanda juu yake. Fundo la kamba lilikuwa limekaza kwa kuvutwa miezi yote hiyo, limelowa mafuta, vidole vinateleza. Nikalifungua kwa meno.